Daftari au Fundi Mkongwe? Njia Mbili za Kutunza Maarifa ya Wafanyakazi Katika Kampuni ya Ujenzi

Jengo likishakabidhiwa, watu hutawanyika. Msimamizi anapelekwa saiti nyingine, mhandisi kijana anapata ajira kwingine, mafundi wa nondo wanamfuata mkandarasi mwenye kazi wiki hiyo. Ofisini yanabaki mafaili: michoro, hati za malipo, barua za mteja. Sababu hazibaki. Kwa nini zege la ghorofa ya tatu lilimwagwa usiku? Kwa nini muuzaji wa kokoto aliachwa katikati ya kazi? Kwa nini bomba la maji machafu lilisogezwa mita mbili kutoka pale lilipochorwa? Miezi michache baadaye kampuni ileile inaanza kazi nyingine, na inalipia upya somo ambalo ilikwisha kulilipia.

Kiwanda hakisumbuki hivi. Mashine ni zilezile, watu ni walewale, bidhaa ya leo inafanana na ya jana, na kosa la asubuhi linaweza kusahihishwa mchana na watu waliolifanya. Ujenzi huunda timu kwa kazi moja kisha huivunja. Kila saiti ina udongo wake, mteja wake na majirani wake. Kwa hiyo kampuni ya ujenzi isiyojua kutunza yanayojulikana na wafanyakazi wake haiumii kwa jambo moja kubwa linaloonekana. Huvuja polepole: ukuta unaobomolewa na kujengwa tena, siku tatu za kusubiri jibu ambalo mtu fulani alikuwa nalo, zabuni iliyopigiwa bei ya chini kwa sababu hakuna aliyekumbuka kazi kama ile ilikula nini mara iliyopita.

Anayetaka kuziba tundu hilo hukutana na njia mbili. Ya kwanza ni kuyatoa maarifa vichwani na kuyaweka kwenye maandishi: daftari la saiti, orodha za ukaguzi, kumbukumbu za makosa, hifadhi ya kidijitali ambayo kila mtu anaweza kutafuta ndani yake. Ya pili ni kuyapitisha kutoka mtu hadi mtu: fundi mkongwe na mwanafunzi wake, vikao vifupi baada ya kazi, kuhamisha watu kati ya saiti ili waende na wanachokijua. Namwandikia mwenye kampuni au meneja ambaye mwaka huu hana fedha wala muda wa kufanya zote mbili kwa ukamilifu, na anataka kujua aanze na ipi.

Kwanza, ni maarifa gani hasa?

Mwaka 1966 mwanafalsafa Michael Polanyi alisema kwamba binadamu tunajua mengi kuliko tunayoweza kuyasema. Mtazame fundi anayeshindilia zege kwa vaibreta, mashine ya kulitikisa. Anajua lini aitoe. Akiitoa mapema, zege litabaki na matundu na nondo zitakuja kupata kutu. Akiikawiza mno, kokoto zitazama na maji ya saruji yatapanda juu. Ukimuuliza amejuaje, atakuambia mapovu yamekoma na uso umeanza kung'aa. Hilo linaandikika. Lakini kuna mengine ambayo mkono wake na sikio lake vinayajua naye mwenyewe hana maneno yake: namna mlio wa mashine unavyobadilika, namna zege linavyoipokea.

Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, waliochunguza kampuni za Japani, walieleza mwaka 1995 kwamba maarifa ya aina hizi mbili, yaliyoandikwa na yaliyokaa mwilini, hulishana: ya mkononi hutolewa kwa maneno, maneno husomwa na mwingine, naye akiyafanyia kazi huwa ya mkononi mwake. Hili ni muhimu kwa anayechagua, kwa sababu hakuna njia inayoweza kubeba yote. Unachochagua ni mlango wa kuanzia.

Njia ya daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ujenzi methali hii ina ushahidi kila mwezi. Mteja akisema hakuagiza badiliko la ngazi, anayeweza kumjibu ni kampuni yenye tarehe, jina na saini. Mvua ikisimamisha kazi siku 11 na mkandarasi anadai kuongezewa muda, daftari la kila siku ndilo litakalompa haki yake. Faida hii ya maandishi naiweka juu kabisa, kwa sababu inaingiza fedha moja kwa moja na haihitaji mtu yeyote kubadilika tabia zaidi ya kuandika dakika kumi kabla ya kuondoka saiti.

Faida ya pili ni kwa mambo yanayojirudia. Kuondoa mbao za kumwagia zege, kupima ulaini wa zege kwa koni, kuchukua vipande vya kupimwa nguvu siku ya 7 na ya 28, kukagua nafasi kati ya nondo na mbao kabla ya kumwaga: haya hufanyika mamia ya mara kwa namna ileile. Orodha ya ukaguzi ya ukurasa mmoja hufanya kazi hapa kuliko kumbukumbu ya mtu aliyechoka saa kumi jioni. Kampuni yenye saiti tano haiwezi kuwa na fundi bora kuliko wote katika kila saiti, ila orodha yake inaweza kuwa kote.

Faida ya tatu nitaipita haraka: zabuni. Kiwango cha kimataifa cha ubora, ISO 9001 cha mwaka 2015, kinataka kampuni itambue maarifa inayoyahitaji kwa kazi zake, iyatunze, na iyaweke pale yatakapopatikana. Mwaka 2018 ISO 30401 kikaja kama kiwango kamili cha kusimamia maarifa. Wateja wakubwa wakidai vyeti vya namna hii, maandishi hayakwepeki.

Udhaifu wake? Maandishi mengi hayasomwi. Kampuni hununua programu, inaagiza kila saiti ijaze fomu ya mafunzo mwisho wa kazi, na fomu zinajazwa na mtu wa ofisini wakati waliokuwepo wamekwisha kuondoka. Zinakuja sentensi kama "mawasiliano yaboreshwe" na "mipango ifanyike mapema." Hakuna msimamizi wa saiti mpya atakayefaidika na sentensi hizo. Penye adhabu hali huwa mbaya zaidi: mfanyakazi anayejua kwamba kosa aliloliandika litasomwa siku ya kupandishwa cheo ataandika lililo salama tu.

Lakini kasoro iliyo nzito kuliko zote ni kwamba karatasi hubeba kilichoamuliwa na kuacha sababu yake. Tarehe 17 Julai 1981, madaraja mawili ya kupitia watu ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency huko Kansas City, Marekani, yaliporomoka na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulionyesha daraja la juu na la chini yakining'inia kwenye fimbo za chuma zilizoshuka kutoka darini bila kukatwa. Wakati wa kutengeneza vyuma, kila fimbo moja ikageuzwa kuwa mbili: ya kwanza kutoka darini hadi daraja la juu, ya pili kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwenye mchoro unaona badiliko dogo tu. Kwa uzito, kiungio cha daraja la juu kilijikuta kimebeba na daraja la chini, mzigo mara mbili ya uliokusudiwa. Badiliko likaidhinishwa pasipo hesabu ya kiungio kile kufanywa upya. Uchunguzi ulikuta pia kwamba hata mpango wa awali haukufikia kanuni za ujenzi, kwa hiyo karatasi haikuwa sababu pekee. Hata hivyo, karatasi zilitembea kutoka meza hadi meza na mihuri yake, na swali la kwa nini fimbo ilikuwa moja halikutembea nazo.

Njia ya mtu kwa mtu

Penye wazee haliharibiki neno, na saiti yenye fundi mkuu aliyeona mengi unaitambua kabla ya kuambiwa. Vifaa viko mahali pake. Kijana akikosea, anasahihishwa papo hapo, na anaelezwa sababu. Hapa ndipo njia hii inaposhinda: inabeba busara ya kuamua. Daftari litasema zege lisimwagwe jua kali. Fundi atatazama anga, atagusa kokoto zilizolala juani, atasema zimwagiwe maji kwanza na kazi isogezwe hadi jioni.

Tena ni ya haraka. Mhandisi kijana aliyekwama na mchoro anaweza kutafuta kwenye kompyuta nusu saa, au akampigia simu mtu aliyejenga kitu kilekile mwaka jana na kupata jibu kwa dakika tatu, pamoja na onyo ambalo hakujua kuliuliza. Kampuni ambayo kila mtu anajua nani anajua nini huokoa muda mwingi kwa gharama ya orodha ya majina na namba za simu.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote katika njia hii ni kikao kifupi mara baada ya kazi. Jeshi la Marekani lilianza kukitumia katika mafunzo yake miaka ya 1970, na mfumo wake unatosha kwenye kiganja: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini kimekuwa hivyo, safari ijayo tufanyeje. Kwenye saiti inatosha kusimama robo saa baada ya kumwaga zege, viatu vikiwa bado na tope. Sharti ni moja: mwenye cheo kikubwa asizungumze kwanza. Akitangulia yeye, wengine watakubaliana naye na kikao kimekwisha hapo.

Hasara zake nazo ni kubwa. Mtu akiondoka, anaondoka na kila kitu, na hakuna notisi ya mwezi mmoja inayotosha kumkamua miaka ishirini. Wapo pia wanaoficha. Fundi anayeona kwamba thamani yake ni kile anachokijua peke yake hana sababu ya kumfundisha kijana atakayelipwa nusu yake na kushika nafasi yake. Simlaumu. Kampuni inayotaka afundishe imlipe kwa kufundisha na imhakikishie nafasi yake. Isitoshe, mtu hurithisha na makosa. "Sisi siku zote tunafanya hivi" ni maarifa yaliyopitishwa mtu kwa mtu, na wakati mwingine ndiyo chanzo cha nyufa.

Mfano wa njia hii ikivunjika ni daraja la Quebec, Kanada, lililokuwa likijengwa juu ya mto Saint Lawrence. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa na heshima kubwa katika fani ya madaraja, na uamuzi wa mwisho ulikuwa wake. Alikaa New York, afya yake haikumruhusu kufika saiti. Sehemu ya kati ya daraja ilikuwa imerefushwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, na uzito wake haukukadiriwa upya ipasavyo. Mwezi Agosti 1907 watu wa saiti waliona vyuma vya chini vinapinda. Wakabishana kama vilipinda kabla au baada ya kufungwa, na hakuna aliyekuwepo pale mwenye mamlaka na ujuzi wa kusimamisha kazi. Mhandisi wa saiti, Norman McLure, akasafiri hadi New York kumweleza Cooper ana kwa ana. Cooper alielewa hatari mara moja, akatuma telegramu kwamba uzito usiongezwe. Lakini aliituma Phoenixville, Pennsylvania, kwenye kampuni ya vyuma, na saiti haikupata amri kwa wakati. Jioni ya siku hiyohiyo, tarehe 29 Agosti, daraja liliporomoka na watu 75 wakafa.

Maarifa yalikuwepo. Yalikaa katika kichwa kimoja, umbali wa safari ya treni.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa gharama za kuanza, mtu kwa mtu ni nafuu: huhitaji programu wala mwajiriwa mpya, unahitaji saa za watu ulio nao. Kwa gharama za kuendelea mambo hugeuka, kwa kuwa saa za fundi mkuu ni ghali na haziongezeki, wakati orodha iliyokwisha kuandikwa hutumiwa na saiti ya kumi kwa bei ileile ya saiti ya kwanza.

Kwa ubora na kuepuka kurudia kazi iliyokosewa, inategemea kosa limetoka wapi. Kosa la kusahau, kama kibomba cha umeme kisichowekwa kabla ya zege, huponywa na orodha. Kosa la kutoelewa, kama fundi aliyeziweka chini nondo zinazopaswa kukaa juu kwenye baraza linaloning'inia, lililoshikwa upande mmoja tu, huponywa na mtu. Baraza la namna hiyo huvutwa upande wa juu, ndiyo maana chuma chake kikuu hukaa juu. Asiyeelezwa hilo atafuata mazoea ya sakafu ya kawaida na ukaguzi ukilegea baraza litaanguka. Ninasisitiza tofauti hii kwa sababu kampuni nyingi hutibu kila kosa kwa fomu mpya. Baada ya miaka mitatu saiti ina fomu arobaini, na mafundi wanaweka alama za vema bila kutazama.

Kwa usalama sitaki uchague. Taratibu za kupanda jukwaa, kuchimba mtaro mrefu na kunyanyua mizigo ziandikwe, na asubuhi zisemwe kwa mdomo na msimamizi anayezijua. Vivyo hivyo kwa taarifa za jengo lenyewe baada ya kukabidhiwa. Moto wa jengo la Grenfell Tower, London, mwaka 2017 uliua watu 72, na ripoti ya mwaka 2018 ya Judith Hackitt, aliyepewa na serikali kazi ya kupitia kanuni za ujenzi, ilidai majengo marefu yawe na mnyororo wa taarifa usiokatika tangu kusanifiwa hadi kutumiwa: nini kilijengwa, kwa vifaa gani, nani aliidhinisha. Huo hauwezi kukaa kichwani mwa mtu.

Kuna watakaosema kuna njia ya tatu, kukodi: mshauri wa nje, mkandarasi mdogo mwenye utaalamu wake. Inafaa kwa kazi isiyojirudia, kama nguzo za msingi kwenye ardhi ya majimaji kwa kampuni ambayo kawaida hujenga nyumba za chini. Ila usiite hiyo kutunza maarifa. Mkataba ukiisha ameondoka nayo, isipokuwa ulimweka mhandisi wako kando yake tangu siku ya kwanza.

Nani achague ipi

Mwaka 1999 Morten Hansen, Nitin Nohria na Thomas Tierney walichapisha katika jarida la Harvard Business Review ulinganisho kama huu. Walieleza kwamba kampuni zinazofanikiwa huchagua njia moja iwe kuu na nyingine iwe msaidizi, takriban asilimia 80 kwa 20, na kwamba kujaribu zote kwa uzito sawa huzaa vurugu. Mfano wao mkuu ulikuwa kampuni za ushauri, nami naona uwiano huo unahitaji kunyooshwa kidogo kwenye saiti. Kanuni yao ya kuchagua, hata hivyo, inashika: tazama kama kazi zako zinafanana.

Kampuni inayojenga nyumba za mpango mmoja, madarasa, au barabara za aina moja, ianze na daftari. Kila kosa lililoandikwa leo litakutana tena na wewe kesho. Kampuni yenye saiti nyingi zilizo mbali, au inayobadilisha wafanyakazi kila msimu, nayo ianze hapo hata kama kazi zake zinatofautiana kidogo, kwani haina watu wanaokaa muda wa kutosha kurithishana.

Kampuni ndogo yenye saiti moja au mbili, inayokarabati majengo ya zamani au kuchukua kazi ngumu za kipekee, ianze na watu. Ukarabati hasa: ukuta wa zamani ukifunguliwa hutoa jambo ambalo hakuna orodha iliyolitaja, na unahitaji aliyewahi kuufungua mwingine. Kampuni hii isinunue programu mwaka huu. Fedha hiyo iende kwenye posho ya fundi anayefundisha na kwenye siku za kumtembeza msimamizi kijana saiti za wenzake.

Kampuni ya kati ndiyo yenye kazi ngumu. Imekua, mwenye nayo hawezi tena kufika kila saiti, na mazoea ya kuuliza kwa mdomo yanaanza kushindwa kabla ya mtu yeyote kuligundua hilo. Ushauri wangu kwake: endesha vikao vya robo saa, na katika kila kikao mtu mmoja aandike mambo mawili tu, kilichotokea na sababu yake, pamoja na jina la wa kuulizwa zaidi. Jina hilo ni la lazima. Linafanya daftari limrudishe msomaji kwa mtu, na hapo njia mbili zinashikana bila kuwa mzigo.

Utajuaje kama inasaidia?

Faida ya mwaka haitakuambia, kwa sababu inasukumwa na mengi: bei ya chuma, mvua, mteja anayechelewa kulipa. Pima vitu vilivyo karibu na maarifa yenyewe. Hesabu kazi zilizorudiwa kwa sababu iliyokwisha kutokea kwenye saiti nyingine. Hesabu maswali kwa msanifu ambayo yalishajibiwa kwenye kazi iliyopita. Linganisha makadirio ya zabuni na gharama halisi, kazi kwa kazi, na uone kama tofauti inapungua. Pima msimamizi mpya huchukua muda gani kabla ya kuweza kuachiwa saiti peke yake. Namba hizi nne zinaweza kukusanywa na mtu mmoja kwa saa mbili za mwisho wa mwezi.

Kabla ya hapo, fanya jaribio dogo kwenye kazi uliyonayo sasa. Chukua kosa moja lililogharimu fedha mwaka uliopita, nenda saiti ambayo haikuhusika nalo, umuulize msimamizi angefanya nini ili lisimtokee. Akikutajia mtu wa kumpigia simu, watu wako wanaongea, na kinachokupungukia ni maandishi kwa siku ambayo huyo mtu hatakuwepo. Akifungua faili na kukuonyesha ukurasa, mwulize na sababu yake. Asipoijua, mpeleke akakae wiki moja na aliyeuandika. Asipokuwa na jibu lolote, anza na kikao cha robo saa baada ya zege linalofuata. Na kama jina utakalotajiwa ni la mtu anayestaafu mwaka huu, mwanafunzi wake ateuliwe kabla ya mwezi huu kwisha, na posho ya kufundisha iingie kwenye mshahara wa mwezi huohuo.